Zima Popote

Serikali ilikuwa imelipiga marufuku neno "mgao". Haikulipiga marufuku kwa sheria, maana sheria ingebidi ilitaje. Lilitoka agizo la mdomo tu, waziri akamwambia katibu, katibu akamwambia msemaji wa wizara, kwamba kuanzia sasa nchi haina mgao wa umeme, ina "marekebisho ya huduma". Umeme ukaendelea kukatika kama zamani, ila sasa ulikatika bila jina na bila ratiba, kwa sababu ukishatangaza ratiba umekiri.

Huyo msemaji aliyekuwa akilipwa ili asiseme neno moja alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye kitambi cha heshima na sauti nzuri ya redio. Mtaani walimwita Hakuna. Si kwamba alikuwa fukara. Ni kwamba kila walipomsikia alikuwa akisema "hakuna mgao", na wao walikuwa wakimsikia kwa redio za betri. Watoto walikuwa wakimwamkia, "Shikamoo Mzee Hakuna," naye akiitikia marahaba huku akijifanya mwisho wa salamu haukumfikia.

Ndani ya nyumba hata hiyo heshima ya kejeli hakuipata. Mkewe alikuwa ameliondoa kabati la vyombo vya wageni sebuleni, na mahali pake ameweka mashine ya kutotolesha vifaranga: sanduku kubwa la mbao lenye mlango wa kioo, balbu ndani, na feni ndogo iliyonung'unika mchana kutwa. Mayai yaliyokuwemo hayakuwa yake peke yake. Wanawake wa mtaa walimletea mayai ya kuku wao, kila mmoja na trei yake na alama yake ya kalamu: huyu duara, yule nyota, na jirani yao fundi cherehani alikuwa amechora mkasi. Kwa kazi hiyo mke alikuwa ameanza kuitwa Mama Vifaranga badala ya mke wa Hakuna, na jina hilo alilipenda kuliko pete yake ya ndoa.

Lakini jina lenyewe lilikuwa limeshikiliwa na uzi. Mara mbili mfululizo umeme ulikatika siku za mwisho na mayai yakafa. Mara ya kwanza wanawake walimpa pole wakakaa wakanywa chai. Mara ya pili walimpa pole wakiwa wamesimama mlangoni. Hii ilikuwa mara ya tatu, na vifaranga walitarajiwa kutoka kesho yake.

"Nikuulize kitu," alisema asubuhi ile, mumewe akifunga tai mbele ya kioo cha mashine, kwa kuwa kile cha chumbani kilikuwa kimepasuka. "Kesho umeme utakuwepo?"

"Serikali imejipanga kikamilifu kuhakikisha..."

"Nimemuuliza mume wangu. Redio nitaifungua baadaye."

Msemaji alicheka, akatazama mlangoni kana kwamba waziri angeweza kuwa amesimama nje kwenye kamba za nguo, akateremsha sauti. "Nimeongea na Swichi." Swichi alikuwa mkuu wa zamu katika chumba cha kuongozea umeme cha shirika, jina hilo alipewa na kazi. "Laini yetu kesho haiguswi. Nakuapia."

"Muulize hicho ni kiapo cha nyumbani au cha kazini," mama mkwe alisema kutoka jikoni. Bibi huyu alikuwa amekuja kumsalimia binti yake kwa wiki moja, na hakuna aliyekumbuka tena ilikuwa wiki gani.

"Cha nyumbani, mama."

"Haya."

Mke hakuridhika. "Fundi wa kuchomelea mageti amesema anaweza kuniazima jenereta yake kesho. Niiweke tu uani, kwa tahadhari."

Tai ilimkaba msemaji. "Jenereta? Nyumbani kwangu mimi? Siku ya uzinduzi wa Mpango? Unataka nipigwe picha?"

"Nani atakupiga picha huko uani, kuku?"

"Mwambie ahsante, hatuihitaji. Nimeshakupa neno langu, unataka nini tena?"

"Na huo Mpango si mlishauzindua mwaka juzi? Ukarudi na mwavuli."

"Ule ulikuwa Mkakati. Huu ni Mpango."

"Na ule wa kabla yake, mliogawia kofia?"

"Ile ilikuwa Dira."

Mama mkwe alitokeza kichwa. "Mkwe wangu, usinione mbea. Huyu Jadidifu unayemtaja kila ukishika simu ni nani?"

"Nishati jadidifu, mama! Umeme wa jua, wa upepo, wa joto la ardhini. Ule usiokwisha. Unajirudisha wenyewe."

"Basi huu wetu ndio jadidifu. Unakatika, unarudi, unakatika, unarudi."

Tuseme ukweli: Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Waliouandika walikuwa na akili zao. Walisema nchi haiwezi kuendelea kuning'inia kwenye bwawa moja. Kwamba paneli za jua zichangie mchana, upepo uchangie jioni, ziwepo betri kubwa za akiba, na laini zifungwe upya ili mashine moja ikiugua mji mzima usizimie. Hakuna mwenye akili timamu angeupinga. Kasoro yake ni kwamba kila kitu kizuri ndani yake kilikuwa kikianza miaka ijayo, na mayai yalikuwa yakianguliwa kesho.

Mke alimtumia ujumbe fundi wa kuchomelea kwamba hawaihitaji tena jenereta. Aliuandika mara mbili na kuufuta kabla hajautuma.

*

Siku ya uzinduzi ilinyesha tangu alfajiri. Ukumbini kulikuwa na baridi ya nje, na juu yake baridi ya viyoyozi, kwa hiyo wageni waalikwa walikaa wamekunja mikono makwapani wakimngoja waziri. Ukutani skrini kubwa ilionyesha mapangaboi ya upepo yakizunguka katika nchi nyingine. Msemaji ndiye aliyekuwa amekabidhiwa shughuli nzima, kuanzia maua hadi maikrofoni, na alikuwa akihesabu viti vya mbele simu ilipolia. Alikuwa Swichi.

"Mkubwa, kuna balaa. Mashine moja kule bwawani imejizima. Tope limeingia."

"Na mvua yote hii?"

"Mvua ndiyo iliyoleta tope."

Hapo ndipo nchi ilipokuwa imefika. Jua likiwaka tuliambiwa maji yamepungua, mvua ikinyesha tuliambiwa maji yamechafuka, na hali ya hewa ambayo umeme wetu ungeipenda ilikuwa bado haijaumbwa.

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Lazima niondoe mzigo mahali. Mkizima viyoyozi na hiyo sinema yenu ya upepo, na hoteli ya mlimani nayo ikajibana kidogo, nitasukuma siku bila kumgusa mtu."

Msemaji alifunika simu kwa kiganja, akamnong'oneza katibu wa wizara aliyekuwa amesimama pembeni yake. Katibu alimtazama kama mtu aliyeombwa avue viatu.

"Viyoyozi? Waziri akitoka jasho nani atajibu?"

"Lakini ni baridi, mheshimiwa."

"Jasho la waziri halifuati hali ya hewa."

Msemaji alirudi kwenye simu. "Haiwezekani. Zima kwingine."

"Kwingine wapi? Za leo zote nimeshazizima. Zimebaki zile nilizosema haziguswi. Nitajie moja."

Nje ving'ora vya msafara vilikuwa vimeanza kusikika. Watu walisimama, mtu wa maua alikuwa akiuliza kama aondoe shada lililonyauka, na kijana wa maikrofoni alikuwa akisema moja mbili, moja mbili. Kama msemaji angetulia kidogo tu, angekumbuka ni nani aliyemwomba Swichi laini fulani isiguswe, na kwa nini. Hakutulia.

"Mimi si mtaalamu wa laini! Zima popote, ilimradi ukumbi usizimike."

"Popote?"

"Popote, Swichi! Waziri anashuka garini."

Neno hilo lina raha yake. Halina mlango wala sebule, na ukilitamka humwoni mtu yeyote amekaa ndani yake. Msemaji alikata simu, kisha akaizima kabisa isije ikalia waziri akihutubia, akaenda mlangoni kupokea mwavuli.

*

Mama Vifaranga alijua kwa feni. Alikuwa amezoea mnung'uniko wake kiasi kwamba hakuusikia tena, na sasa ukimya ulimgutusha kutoka jikoni. Balbu ilikuwa imezima. Mayai kadhaa yalikuwa yameshapasuka nyufa ndogo, na ukiinama vizuri ulisikia vifaranga wakilia humo ndani.

Alimpigia mumewe. Simu haikupatikana. Alipiga tena, na tena, kisha akajitupia sweta akakimbia mvuani hadi kwa fundi wa kuchomelea. Fundi hakuwepo. Mkewe alimjibu kupitia mlango uliofunguliwa nusu.

"Jenereta imeenda kwa kinyozi. Si mlituandikia hamuihitaji?"

"Tuliandika."

"Na bwana yuko redioni sasa hivi. Anaongea vizuri kweli."

Alirudi ameloa. Mama yake alikuwa ameshaifunika mashine kwa blanketi na alikuwa akijaza maji ya moto kwenye chupa, akizipima kwa shavu kama mtu anayepima uji wa mtoto, kwa kuwa yai likichemka nalo hufa. Jiko la gesi lilikuwa na mtungi unaokaribia kuisha. Chupa ziliwekwa, zikapoa, zikajazwa upya, na kila mlango wa mashine ulipofunguliwa joto kidogo lililobaki lilitoka.

Ndipo wanawake walipoanza kuwasili, na makapu yao na maboksi yao, kuja kuchukua vifaranga. Waliingia wakiwa na bashasha, wakaona blanketi, wakashusha makapu. Mmoja alifungua mdomo atoe pole. Mama Vifaranga hakutaka kuisikia pole ile, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hakuna cha pole," mama yake aliingilia. "Kuku angefanya nini? Angekaa. Kila mwenye mayai achukue yake ayaweke kifuani, na tukae."

Walitazamana, wakacheka, kisha wakaona bibi yule hatanii. Muda si muda sebule ya msemaji wa wizara ilikuwa imejaa wanawake wazima walioketi wima kama wanapigwa picha ya pasipoti, mayai ndani ya blauzi, mashali juu, hakuna anayethubutu kukohoa. Mwenye nyota alisema lake linamgonga. Mwenye duara alisema katika kunyonyesha watoto wote wale hakuwahi kutekenywa namna hii. Aliyekosekana ni fundi cherehani. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, na alikuwa amesema atakuja jioni. Mama Vifaranga alichukua mayai ya mkasi machache aliyoweza, akaongeza na yake, lakini kifua cha mtu kina mpaka. Mengine yalibaki mashineni na chupa zinazopoa.

Mtu aliwasha redio ya simu. Uzinduzi ulikuwa ukirushwa moja kwa moja. Waziri alikuwa ameshamaliza, makofi yalikuwa yamekwisha, na mwandishi mmoja mkorofi alikuwa akiuliza kuhusu malalamiko ya wananchi. Ile sauti nzuri ilichukua maikrofoni.

"Ndugu mwandishi, hakuna mgao. Naomba wananchi wapuuze uvumi. Hapa tulipo taa zinawaka. Na hata nyumbani kwangu, nawahakikishieni, muda huu taa zinawaka."

Ukumbi ulicheka. Sebuleni mwenye duara aliinua macho kwenye balbu iliyokufa, akauma midomo, akashindwa. "Mama Vifaranga," alisema huku akishika kifua mayai yasidondoke, "tuzimie basi taa, zinatuumiza macho." Wote waliangua kicheko kwa pamoja, kicheko cha kujikaza, mabega yakitikisika na vifua vimetulia. Mama Vifaranga peke yake hakucheka. Alikuwa akimsikia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe naye aliona haya kwamba anaijua sauti ile.

*

Umeme ulirudi ukumbi ulipokwisha kuwa mtupu. Msemaji alifika nyumbani jua likielekea kuzama, mvua imekatika, akiwa na fulana mpya ya uzinduzi juu ya shati na boksi la chakula kilichobaki. Maandishi kifuani yalisema UMEME WA UHAKIKA.

Wanawake walikuwa wameshaondoka. Karibu nusu ya mayai yalikuwa yameanguliwa, na wenye bahati walichukua wa kwao wakaenda. Wale wa mwenye nyumba walikuwa mashineni chini ya balbu, bado wabichi, wakijaribu kusimama na kuangukiana. Fundi cherehani alikuwa amekaa kwenye kigoda, trei yake mapajani. Mayai ya mkasi aliyoyabeba Mama Vifaranga hayakuanguliwa, na yaliyobaki mashineni hayakuanguliwa pia. Mama mkwe alikuwa bado ameshika kifua.

"Umeme ulikatika?" msemaji aliuliza.

"Uliniapia," mkewe alisema.

Alifungua mdomo, na maneno yakaja yenyewe kama yanavyomjia kila siku. "Itakuwa ni hitilafu. Kule bwawani kulikuwa na hitilafu ya ghafla."

Fundi cherehani alimwonea huruma. "Usimgombeze shemeji, dada. Hitilafu si mtu. Utagombana na nani?" Akamsogezea kiti. "Kaa, shemeji. Umechoka, tumekusikia redioni."

Angeweza kukaa. Kiti kilikuwepo, uongo ulikuwa umeshapokewa na kupewa hata mto wa kuegemea. Lakini huruma ya mtu uliyemuumiza ni kitu kibaya kukalia, na msemaji alibaki amesimama na boksi lake.

"Si hitilafu," alisema. "Swichi aliniuliza azime wapi."

"Ukamwambia azime kwetu?" mkewe aliuliza.

"Sikusema kwetu! Nilisema popote."

"Popote ndiyo wapi?"

Msemaji aliangalia mashine, trei, mama mkwe wake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama mkwe alisema. Akaingiza mkono kifuani, akatoa yai, akaliweka mezani taratibu. Lilikuwa limenyamaza tangu mchana. Hakutaka tu kuwa yeye wa kusema.

Fundi cherehani aliyafunika mayai yake kwa kitambaa. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ungeniambia tu jana kwamba kuna mgao, shemeji. Basi. Ningekaa nayo mwenyewe tangu asubuhi. Sare za watu zingesubiri."

Simu, ambayo msemaji alikuwa ameiwasha njiani, ililia mkononi mwake. Swichi huwa anaongea kama yuko ng'ambo ya mto, na sebule nzima ilimsikia. "Mkubwa, ile mashine ya bwawani bado. Na waziri na wageni wake wako hotelini kwenye chakula, wamewasha kila kitu. Nahitaji kuondoa mzigo sasa hivi. Nizime tena pale pale pa mchana?"

Vifaranga walikuwa wakilia chini ya balbu. Msemaji alienda mlangoni. Giza lilikuwa limeshaingia, na kutoka pale hoteli ya mlimani ilionekana yote, dirisha kwa dirisha, mpaka taa za rangi kwenye bwawa la kuogelea ambalo hakuna aliyeogelea humo na mvua ile.

"Zima hoteli," alisema.

"Mkubwa?"

"Hoteli. Ya mlimani."

"Waziri yumo."

"Najua aliyemo. Zima."

"Haya. Hapo angalau umenitajia mahali."

Walisongamana mlangoni wote wanne. Hoteli ilizimika kwa mkupuo, mlima ukawa mweusi. Msemaji alihisi mkono wa mkewe ukimgusa mgongoni, juu ya fulana. Kisha kulisikika ngurumo upande ule, na hoteli ikawaka tena, dirisha kwa dirisha, kali kuliko mwanzo.

Fundi cherehani alianza kucheka. Alicheka hadi akashika mwimo wa mlango, machozi yakimtoka, na haikujulikana yapi ni ya kicheko na yapi ni ya mayai. "Wao wana jenereta, shemeji!" alisema. "Wao wana jenereta!"

Simu ililia tena. Jina la katibu wa wizara lilijaa kwenye kioo. Iliita, ikakatika, ikaita tena, na msemaji aliishika mbali na mwili wake. Alimgeukia mkewe.

"Pokea," mkewe alisema. "Si wewe msemaji?"